Nafasi Sita: Mtoto wa Sayansi, Mji wa Kale na Sisi Watu wa Kiswahili

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza ni kwa nini mwanafunzi wa fasihi anathubutu kuandika kuhusu uhandisi, udaktari na elimu ya bahari katika jarida la chama cha Kiswahili. Nakuomba uniazime subira yako. Nitajitahidi kuonyesha kwamba jambo hili linatuhusu, na kwamba sehemu ya lawama ni yetu.

Jioni moja nilikuwa katika saiba iliyoko hatua chache kutoka Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Dada yangu mkubwa alikuwa ameniita nimsaidie binti yake kujaza orodha ya kozi za chuo kikuu katika tovuti ya KUCCPS, ile huduma kuu ya kuwapangia wanafunzi vyuo. Nilipofika nilikuta kazi imekwisha, au walidhani imekwisha. Nafasi zote sita zilikuwa zimejazwa. Ya kwanza: udaktari. Ya pili: udaktari. Hivyo hivyo hadi ya sita, vyuo tu ndivyo vilivyobadilika. Shemeji yangu, ambaye yuko Doha kikazi, alikuwa amepiga simu na kutoa amri, na dada aliitekeleza kama ilivyo. Mpwa wangu alikuwa ameketi pembeni, kimya, akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Wewe mwenyewe wataka nini?" nikamwuliza.

"Mjomba, mimi nilitaka umeme," akajibu, kisha akamtazama mamake.

Ningependa kuishikilia orodha ile ya udaktari mara sita kwa muda, kwa kuwa nimeiona, kwa sura tofauti tofauti, katika nyumba nyingi za kisiwani. Si orodha ya mtu mvivu wala mjinga. Ni orodha ya watu wanaompenda mtoto wao, ambao hawajapata kuelezwa kwa lugha wanayoiota usingizini jinsi mizani ile inavyopima.

Basi na tuieleze. Mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Kati yao 246,391 walipata C+ na zaidi, ambacho ndicho kizingiti cha kuingilia shahada. Waliopata A walikuwa 1,693. Hawa wote huingia katika soko moja, na wengi wa wale wa kileleni hukimbilia mlango mmoja, yaani udaktari. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne. Alama za masomo hayo hujumlishwa, zikapimwa pamoja na jumla ya alama za mtahiniwa katika masomo saba, na tokeo lake huwa nambari isiyozidi 48. Kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi ni hii: chukua alama za kundi, ugawe kwa 48, chukua jumla ya masomo saba, ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Nambari ya kutegemewa, bila shaka, ni ile ambayo mwombaji huoneshwa katika ukurasa wake mwenyewe, kwa sababu namna ya kukokotoa imekuwa ikirekebishwa. Hata hivyo, kanuni hii ya zamani inatosha kumwonyesha mzazi jinsi mambo yanavyokwenda.

Mpwa wangu alipata A katika Fizikia, A- katika Hisabati, B+ katika Kemia, Biolojia, Elimu ya Dini ya Kiislamu na Masomo ya Biashara, B katika Kiswahili na B- katika Kiingereza. Tangu matokeo ya mwaka 2023, jumla ya mtahiniwa huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi na masomo mengine matano bora. Kwa hivyo Kiswahili kilimbeba, Kiingereza kikaachwa nje. Jumla yake ni 72 kati ya 84, yaani B+. Katika kundi la uhandisi (Hisabati, Fizikia, Kemia, na la nne nikachukua Biolojia) ana 43. Kanuni inampa 42.06. Katika udaktari kundi linataka Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Hapo ana 41, na kanuni inampa 41.07. Tofauti ni alama moja tu, nawe unaweza kusema alama moja ni kitu gani. Pale juu, ambapo maelfu wamesongamana, alama moja ni umati wa watu waliosimama mbele yako kwenye foleni.

Sasa angalia Kiswahili. Lau binti huyu angalipata A- katika Kiswahili badala ya B, jumla yake ingalikuwa 74, nayo 74 ni mwanzo wa A-. Kundi lake la udaktari lingalifika 43, na kanuni ingalimpa 42.64. Somo letu hili, ambalo wanasayansi wa shule huliita la kujazia, lingalimpandisha daraja zima na kumsogeza alama moja na nusu na ushei katika kozi ile ile ambayo babake anaililia. Nimewapigia hesabu hii walimu wawili wa Kiswahili ninaowafahamu, na wote wawili walitaka kuirudia kwa karatasi na kalamu.

Na huyu ni mtoto wa Mvita! Amezaliwa na kulelewa ndani ya lugha hii. Hapa sina budi kuchepuka kidogo. Mtaa alimozaliwa unaitwa Ndia Kuu, na jina hilo limebandikwa hadi kwenye ramani za watalii, lakini mtoto akiandika "ndia" katika insha yake kalamu nyekundu itamshukia. Bibi yake humwambia "ndoo", naye shuleni hana budi kuandika "njoo". Bibi husema mato, mtele, kuteka. Mtihani unataka macho, mchele, kucheka. Sote tunajua yalikoanzia hayo. Mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi. Sina ugomvi na usanifishaji. Bila huo jarida hili lisingekuwapo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Mji wa Kale huingia katika chumba cha mtihani akidhani Kiswahili hakihitaji kusomwa, na mwalimu wake hudhani hivyo hivyo, kisha alama B inapotoka kila mmoja hushangaa. Lingekuwa somo geni angelisoma. Hasara yake haiishii katika cheti cha lugha, kwani huonekana pia katika orodha ya udaktari.

Narudi kwenye orodha. Washauri wa wanafunzi nchini Marekani, ambako mtu hutuma maombi kwa kila chuo peke yake, wamezoea kuigawa orodha mafungu matatu: vyuo ambavyo mwombaji akivipata atashangilia, vyuo vinavyolingana na kimo chake, na vyuo ambavyo ana yakini navyo. Kwetu tuna nafasi sita tu na mlango mmoja, lakini hekima ni ile ile. Mimi huyaita mafungu haya kozi za mbali, kozi za kimo na kozi za akiba. Orodha ya mpwa wangu ilikuwa na kozi za mbali sita. Nahodha aliyetoka Bandari ya Kale akielekea Lamu na maji ya kunywa ya siku moja hatumwiti shujaa.

Mtu atanijibu kwa methali kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nimeisikia hoja hiyo barazani, na aliyeitoa ni mtu mzima ninayemheshimu. Lakini methali ile ilisemwa kwa mtu mwenye mikono miwili. Mwombaji amepewa mikono sita, na anayeshika kitu kile kile kwa mikono yote sita hajaonyesha msimamo wowote.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo watu hawalizungumzii sana. Nalieleza kwa sababu ni langu. Mimi nilifanya KCSE mwaka 2016, ule mwaka ambao katika nchi nzima ni watahiniwa 141 tu waliopata A. Shuleni nilikuwa mtoto wa fizikia. Nilikuwa nikifungua redio za majirani, na nyingine nilizirudisha zikiwa hai. Matokeo yalipotoka nilikuwa na B-, nami nikaona dunia imekwisha. Nikachukua viwango vya mwisho vya mwaka uliotangulia, mwaka ambao alama za juu zilimwagika kama mvua ya masika, nikajilinganisha navyo, nikaogopa. Nikaifuta fizikia katika orodha yangu. Nikaweka Shahada ya Elimu, upande wa Sanaa, katika nafasi ya kwanza, nikapumua.

Baadaye, nikiwa tayari mwaka wa kwanza, nikaja kufahamu kwamba mtu wa mwisho kuchukuliwa katika kozi ile ya fizikia niliyoiogopa alikuwa na alama pungufu ya zangu. Hakuna aliyenidhulumu. Sikuelewa tu kwamba kile tunachokiita kiwango cha mwisho hakiwekwi na mtu yeyote kabla ya maombi kuja. Ni alama za yule aliyeingia mwisho, basi. Wakija wengi wenye alama kubwa, kinapanda. Wakija wachache, kinashuka. Kiwango cha mwaka jana ni unyayo wa mtu aliyekwisha kupita, nami niliuona unyayo nikadhani ni ukuta.

Je, najuta? Swali hili wenzangu hunitupia kwa mzaha kila mara. Nimekipenda Kiswahili, nimekisoma hadi shahada ya uzamili, na ningepewa nafasi ya kurudi nyuma sijui kama ningeikubali. Lakini sipendi hadithi yangu itumiwe kama ushahidi kwamba "mambo hujipanga yenyewe". Katika darasa la mwaka wa kwanza ambalo nasaidia kusahihisha kazi zake, niliwahi kuuliza ni nani kati yao aliyeiweka kozi hii katika nafasi tatu za mwanzo. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno, na mmoja wa walioinua aliishusha alipoona yuko peke yake katika safu yake. Wengine walitupwa kwetu na orodha mbovu. Wamo vijana wenye akili kali ya hesabu, wanaohesabu vina na mizani kwa kasi ya kutisha, lakini hawana raha. Idara ya Kiswahili imefanywa kuwa ufuo ambapo mawimbi huachia magogo. Hili ni jambo ambalo wahadhiri wetu hulalamikia katika korido, lakini sijaliona likiandikwa.

Kozi ya akiba, kwa maoni yangu, ni ile ambayo ukipangiwa utaamka Jumatatu na kwenda darasani bila kuburutwa. Kama mtoto ni wa sayansi, basi akiba yake na iwe sayansi. Asiandike Kiswahili katika nafasi ya sita ati kwa kuwa "hiyo siwezi kukosa". Akikipenda, na akiandike katika nafasi ya kwanza, tutampokea kwa mikono miwili.

Tulikaa saiba ile hadi mwenyewe akaanza kuzima kompyuta za upande wa pili. Dada aliniambia, "Wewe ndiye msomi, lakini babake utamwambia wewe." Nikakubali. Tukaacha udaktari katika nafasi moja, ile ya kwanza, kwa sababu binti mwenyewe alisema hauchukii, na kwa sababu ndoto moja haimzuii mtu. Mpangilio huzingatia upendeleo, kwa hiyo kozi unayoitaka zaidi ndiyo itangulie; anayetanguliza akiba kwa hofu huenda akaipata hiyo hiyo, na zilizo chini yake zisitazamwe tena. Nafasi ya pili na ya tatu zikawa uhandisi wa umeme, Nairobi na Juja. Ya nne, uhandisi huo huo katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Kabla ya kuandika zote tatu tulifungua kwanza orodha ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhandisi awe amesajiliwa, na usajili hutegemea shahada inayotambuliwa na bodi hiyo. Nashangaa jinsi watu wanavyohakikisha rangi ya sare na umbali wa bweni, wakasahau kuuliza kama cheti kitakubalika. Ya tano ikawa biolojia ya bahari na uvuvi, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Ya sita, Shahada ya Elimu ya Sayansi, Hisabati na Fizikia.

Hii ya tano ilizua mjadala. Dada aliona uvuvi ni kazi ya mtu asiyesoma. Nikamkumbusha kwamba ng'ambo ya mlango wa bahari, Mkomani, ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, nayo ina meli yake ya utafiti iitwayo Mtafiti. Sisi tulio watoto wa bahari tumewaachia wengine kuisoma. Nadhani hata kimsamiati tunapoteza, kwa maana majina ya samaki, ya pepo na ya mikondo ambayo mabaharia wetu wanayo hayajaingia katika maabara, na wale wanaoingia maabarani hawayajui. (Hapa kuna tasnifu nzuri ya uzamili. Aitakaye na aichukue, mimi yangu nimekwisha kuianza.)

Lililobaki lilikuwa bibi. Tulimkuta barazani. Nikamsomea orodha. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Huko Nairobi yuwaenda kwa nani?" Usilicheke swali hili. Katika Mji wa Kale, binti kwenda kusoma mbali bado ni jambo linalojadiliwa na ukoo mzima, na wapo mabinti waliopata alama za kwenda Nairobi wakabaki nyumbani. Wapo wanaodai kwamba hayo ni mawazo ya kizamani yapuuzwe. Mimi sioni hivyo. Orodha yenye mizani haipimi alama peke yake. Hupima pia nauli, chakula, mahali pa kulala na utulivu wa wale walioachwa nyumbani. Tangu garimoshi jipya lianze safari mwaka 2017 Nairobi imekuwa karibu kidogo, lakini bweni halijawa rahisi, na mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, unaozigawa familia kwa kadiri ya uwezo wao, umeshindaniwa mahakamani na kuwatia wazazi wengi wasiwasi. Tudor ni mwendo wa tuktuk. Ndiyo maana nafasi ya nne haikuwa ya kujazia. Bibi alipoisikia alisema, "Hapo sawa," akaendelea na tasbihi yake.

Kuhusu hiyo Tudor nina neno la ziada, kwa sababu ina historia ambayo vijana wetu hawaijui. Chuo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya Waislamu, ikijulikana kwa kifupi MIOME, ili kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki mafunzo ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 ikawa politekniki, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ndani ya taasisi hiyo changa alikuwapo karani mmoja kijana, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1933. Alikuwa amepata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumchukua. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa na matumaini ya kumpeleka Al-Azhar, lakini alifariki mwaka 1947. Kijana huyo ndiye Ali Mazrui.

Kila ninapozungumza barazani kuhusu kupanga orodha, lazima atokee mtu wa kunitajia Mazrui: alikataliwa Makerere, akaja kuwa profesa wa Makerere! Ni kweli. Alikwenda Uingereza mwaka 1955 kumalizia masomo ya sekondari, akapata shahada Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961 na Oxford mwaka 1966, akafundisha Makerere hadi mwaka 1973. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa akazikwa katika makaburi ya ukoo wake, mkabala na Ngome ya Yesu. Lakini wasimuliaji huruka sehemu ya katikati. Mlango wa Uingereza ulifunguka kwa kuwa gavana wa wakati huo, Sir Philip Mitchell, alimsikia akihutubu katika hafla ya Maulidi. Nani atampangia mwanawe maisha kwa kutegemea gavana apite? Kingine wasichokisema ni kwamba hotuba hiyo aliitoa akiwa pale MIOME. Milango mikubwa ilipofungwa alikuwa na mahali pa karibu pa kufanyia kazi, kusoma na kusikika. Ukinilazimisha kutumia mfano wa Mazrui, nitautumia kuitetea kozi ya akiba.

Zamani palikuwa na orodha nyingine isiyoandikwa katika tovuti yoyote. Familia nyingi za Kiislamu za pwani ziliwapeleka watoto wao Khartoum, hasa katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, baadhi yao kusomea udaktari. Vita vilipozuka Aprili 2023 wanafunzi Wakenya walilazimika kuokolewa na kurejeshwa nyumbani masomo yao yakiwa yamekatika. Hakuna angeweza kulitabiri hilo, wala silaumu mtu. Nalitaja kwa sababu baadhi yao walirudi bila kitu kingine mkononi, na kwa sababu anayesomea udaktari nje hukabiliwa na mtihani wa Baraza la Madaktari arudipo kabla ya kuanza mazoezi ya kazi. Ng'ambo na iwe nyongeza ya orodha ya nyumbani.

Sasa nageukia kwetu. Maelezo yote niliyoyatoa hapo juu, ya makundi, ya viwango na ya kupanga upendeleo, dada yangu aliyaona kwa Kiingereza kitupu. Yeye husoma Kiswahili vizuri, tena husoma sana. Alikuwa akiitikia "ndiyo" kwa mambo asiyoyaelewa kwa sababu aliona aibu mbele ya kijana wa saiba. Uamuzi wa miaka minne au sita ya maisha ya binti yake, na wa fedha ambazo shemeji anazichuma juani, ulifanywa kwa kukisia. Nilipotaka kumweleza, mimi mwenyewe, mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, nilikwama. Tumeyajadili maneno kama tarakilishi na ngamizi katika makongamano hadi tumechoka, lakini kwa jambo ambalo mzazi wa Kuze au Kibokoni analihitaji usiku wa leo hatujakubaliana hata jina. Nikaunda ya kwangu palepale: alama za kundi, kiwango cha mwisho, kozi za mbali, za kimo, za akiba. Hayakuwa mazuri sana. Dada aliyaelewa.

Napendekeza chama chetu kiifanye kazi hii. Tuandike mwongozo wa kurasa nane au kumi, kwa Kiswahili cha kawaida, wenye mfano mmoja uliopigiwa hesabu kama nilivyofanya hapa. Tuupeleke katika shule za kisiwani, misikitini, makanisani na katika saiba zenyewe kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Wanachama wa kila tawi wakae siku mbili na wazazi. Hakuhitajiki fedha nyingi. Karatasi na mashine ya kurudufu zinatosha. Na tusichelewe, maana jambo hili linashuka umri. Katika mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walipangiwa kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, mtoto huchagua mkondo wake, wa sayansi, wa jamii au wa sanaa na michezo, angali na umri wa miaka kumi na tano hivi. Mzazi atakayekuwa amechanganyikiwa hapo hatakuwa na hata nafasi sita za kumwokoa.

Najua wapo watakaosema kwamba kazi ya chama cha Kiswahili ni fasihi na isimu, na kwamba ushauri wa masomo una wenyewe. Hao wenyewe sikuwaona saiba usiku ule.

Shemeji nilimpigia siku ya pili. Aliniuliza mara tatu kwa nini udaktari umebaki mmoja. Nikamsomea nambari, 41.07 na 42.06, nikamweleza kwa Kiswahili kila moja imetoka wapi. Kukawa kimya kwa muda kiasi cha kunifanya nidhani simu imekatika. Kisha akasema, "Na hiyo alama ya Kiswahili, ilikuwaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwenye simu.